Vigae Pekee Havizuii Maji: Somo la Tangi la Samaki la Plaiwudi kwa Wakazi wa Rhamu

Tangi la samaki linalovuja mjini Rhamu hupoteza zaidi ya samaki. Maji yaliyomo yamenunuliwa kwa mtungi juu ya mkokoteni wa punda, au yamevutwa kutoka Mto Daua kwa pampu inayokunywa mafuta, au, mwaka wa ukame, yameletwa na boza kutoka mbali. Kila lita inayopenya ukutani usiku ilikuwa na kazi nyingine pale nyumbani: chai, udhu, mbuzi mgonjwa, mche wa mpapai. Ndiyo maana mkazi anayetaka kujitengenezea tangi anapaswa kuelewa jambo moja kabla ya kununua msumari wa kwanza, nalo ni kitu gani hasa huyazuia maji.

Wazo lenyewe ni zuri na halihitaji karakana kubwa. Plaiwudi hukatwa kwa msumeno wa kawaida, na nyumba iliyomaliza kuwekewa sakafu huwa na mabaki ya vigae yaliyorundikwa nyuma ya choo. Mtu huona bafu lililowekewa vigae halivuji, akahitimisha kwamba boksi la mbao likiwekewa vigae ndani litakuwa tangi. Hitimisho hilo ndilo linaloharibu kazi. Fundi anayesema kwamba kigae hakivuji anasema kweli kuhusu kigae. Kuhusu ukuta mzima wa vigae, hilo ni suala jingine.

Maji hupitia wapi

Uso wa kigae uliong'arishwa kwa moto haupitishi maji. Lakini ukuta wa vigae una mistari mingi ya viungo, na mistari hiyo imejazwa grauti ya saruji. Grauti ya saruji ina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Bafuni maji huupiga ukuta kwa dakika kumi kisha ukuta hukauka mchana kutwa, kwa hiyo unyevu mdogo unaopenya hauleti madhara ya haraka. Ndani ya tangi, maji hukaa usiku na mchana, mwezi baada ya mwezi, yakisukuma. Yatapita kwenye grauti, yatapita kwenye saruji iliyokishika kigae, na yataifikia mbao.

Plaiwudi ikilowa huvimba. Ikivimba hujikunja kidogo, milimita moja au mbili tu, lakini kigae na saruji havijui kujikunja. Hupasuka. Ufa mpya huingiza maji mengi kuliko vitundu vya awali, mbao huvimba zaidi, na baada ya majuma machache tabaka za plaiwudi huanza kuachana kama kurasa za kitabu kilicholoweshwa na mvua. Mwenye tangi huona doa jeusi nje, pembeni, karibu na chini. Huko ndiko mwisho ulikofikia. Mwanzo wake ulikuwa siku ile vigae vilipobandikwa moja kwa moja juu ya mbao.

Kwa hiyo kati ya mbao na vigae lazima kuwe na ngozi: tabaka moja lisilo na kiungo, linaloshikamana na mbao na lisilopitisha maji. Ngozi hiyo ndiyo tangi. Vigae vinavyokuja juu yake ni vazi. Huilinda isikwaruzwe, husaidia kusugua ukoga, na hupendeza. Tangi lingekuwa tangi hata bila vigae.

Wajenzi wa pwani walilijua hili zamani. Mabirika ya maji katika misikiti na nyumba za mawe za miji kama Gedi yalipakwa ndani lipu ya chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe, ikalainishwa mpaka ikawa laini na ngumu. Ngome ya Yesu mjini Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, nayo ina birika lake la kuhifadhi maji ya mvua. Katika baadhi ya mabirika ya kale ya pwani bakuli za kauri zilipachikwa ndani ya lipu. Zilikuwa nzuri kutazama, lakini aliyetaka maji yakae aliitegemea lipu.

Karibu zaidi na nyumbani, barkad ya wafugaji hutoa somo lilelile kwa upande mwingine. Barkad iliyojengwa kwa mawe na saruji ikiachwa tupu juani, lipu yake hukauka kupita kiasi na kupasuka, na msimu wa mvua ukifika maji hupotea ardhini kabla mifugo haijayafikia. Kuta za mawe bado zimesimama, hazina kosa. Kilichopasuka ni ngozi ya ndani.

Uzito ambao boksi litabeba

Karatasi moja ya plaiwudi inayouzwa madukani huwa na futi 8 kwa futi 4, yaani takriban sentimita 244 kwa 122. Kwa tangi la nyumbani inafaa unene wa milimita 18, na iwe ile ya kutumika nje au majini, ambayo gundi yake haiyeyuki kwa unyevu. Plaiwudi ya samani za ndani ni nafuu zaidi, lakini pengo dogo tu kwenye ngozi litaimaliza.

Katika karatasi moja hupatikana kuta mbili ndefu za sentimita 180 kwa 60 pamoja na kuta mbili fupi. Nusu ya karatasi ya pili hutoa sakafu ya sentimita 180 kwa 60, na mabaki yake hukatwa kuwa vipande vya kuimarisha. Kuta fupi ziwe na upana wa sentimita 56.4, kwa sababu zinaingia katikati ya kuta ndefu, na kila ukuta mrefu una unene wa milimita 18. Mjenzi anayesahau hesabu hiyo hukuta boksi lisilofunga pembeni, kisha hujaribu kuziba nafasi kwa silikoni. Silikoni haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Boksi hilo likijazwa maji hadi kina cha sentimita 50 hubeba takriban lita 500. Lita moja ya maji ni kilo moja. Hiyo ni nusu tani, kabla ya kuhesabu mbao, vigae na mchanga wa chini. Tangi la aina hii haliwekwi juu ya meza ya mbao. Linahitaji jukwaa la mawe au matofali lililosawazishwa kwa pima maji, kwa sababu likiinama upande mmoja mbao hujipinda na kupasua viungo hata kama kila kitu kingine kilifanywa vizuri.

Maji vilevile husukuma kuta. Watu wengi hulisahau hili kwa kuwa halionekani. Nguvu inayousukuma ukuta hupatikana kwa kuzidisha eneo la ukuta lililoloa kwa nusu ya kina cha maji. Kwa ukuta mrefu wa boksi hili: urefu wa ndani ni takriban mita 1.76, kina ni mita 0.5, eneo ni mita mraba 0.88. Nusu ya kina ni mita 0.25. Jibu ni 0.22, na kwa maji hiyo ni kama uzito wa kilo 220 ulioegemea ukuta huo bila kupumzika. Sasa mtu akitamani tangi refu zaidi kwenda juu na kuongeza kina hadi mita 1, nguvu haiwi maradufu. Inakuwa mara nne, karibu kilo 880. Anayetaka samaki wengi zaidi ni afadhali apanue tangi kwa upana na urefu wa chini kuliko kuliinua.

Kwa sababu ya msukumo huo, ukuta mrefu hutaka kutokeza nje katikati kama tumbo. Dawa yake ni fremu ya mbao ngumu inayouzunguka mdomo wote wa boksi kwa nje, na kipande kimoja au viwili vya kuvuka juu kutoka ukuta hadi ukuta. Viungo vya boksi viunganishwe kwa gundi ya mbao isiyoyeyuka majini pamoja na skrubu, si misumari. Msumari huteleza kidogo kila mzigo unapobadilika. Vichwa vya skrubu vizamishwe na mashimo yajazwe.

Ngozi ya ndani

Kwa boksi litakalowekewa vigae, ngozi inayoaminika zaidi ni epoksi iliyoimarishwa kwa kitambaa cha nyuzi za glasi, ile ambayo mafundi wa boti na wa magari huiita faibaglasi. Epoksi huja katika vyombo viwili, na havichanganywi kwa kukisia. Kipimo kilichoandikwa kwenye kopo hufuatwa kwa kikombe au mizani. Mchanganyiko wenye kigandishaji kidogo hubaki unanata milele. Ukizidishwa, huganda ukiwa dhaifu. Mjenzi aseme wazi dukani kwamba ndani wataishi samaki, anunue aina inayofaa kwa maji, na asichanganye epoksi na rangi yoyote aliyoikuta nyumbani.

Joto la Rhamu lina mambo yake. Epoksi huganda haraka kadiri joto linavyopanda, na ikirundikana ndani ya kopo hujichemsha yenyewe. Kopo kubwa lililochanganywa saa saba mchana linaweza kugeuka jiwe kabla fundi hajamaliza ukuta wa pili. Basi ichanganywe kidogo kidogo, imwagwe kwenye chombo kipana, na kazi ifanyike kivulini.

Wakati wa siku nao una maana. Asubuhi mbao zinaanza kupata joto, na hewa iliyomo ndani yake hutanuka na kutoka nje. Epoksi mbichi iliyo juu yake hutobolewa na viputo, na kila kiputo ni tundu. Alasiri, jua likishaanza kupungua, mbao zinapoa na kuvuta hewa ndani, pamoja na epoksi. Ndiyo saa nzuri. Upepo ukiwa na vumbi, boksi lifunikwe kwa shuka lisiloligusa.

Kwanza mbao zipigwe msasa na kufutwa vumbi. Kingo zilizokatwa hunywa maji kuliko uso, kwa hiyo zipakwe mara mbili kabla ya kitu kingine chochote. Kona za ndani zijazwe epoksi iliyokorezwa kwa unga wake maalumu ili kona iwe na mviringo kama wa ndani ya bakuli, kwa maana kitambaa hakilali vizuri kwenye pembe kali. Kisha tabaka la kwanza, kitambaa juu yake kikilazwa kwa burashi mpaka kiwe kama kimepotea, halafu tabaka la pili na la tatu. Kama tabaka lililotangulia limekauka kabisa, lipigwe msasa kidogo ili linalofuata lipate kushika. Kinyago, glavu na mahali penye hewa si mapambo. Epoksi mbichi huwasha ngozi, na vumbi la faibaglasi halifai kuvutwa puani, hasa na watoto wanaozunguka kutazama.

Tabaka la mwisho likiwa bado bichi linyunyiziwe mchanga mkavu. Mchanga wa Daua unafaa ikiwa umeoshwa, ukachekechwa na kukaushwa vizuri. Chembe hizo huacha uso mkwaruzo ambao gundi ya vigae itaung'ang'ania. Bila hizo, vigae vimewekwa juu ya kioo.

Jaribio la ndoo

Vigae visibandikwe kabla ya jaribio hili. Ni hatua inayorukwa zaidi ya zote, na anayeiruka hulazimika baadaye kubandua vigae ili kutafuta tundu asiloweza kuliona.

Epoksi iachwe ikomae kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kwa kawaida takriban juma moja. Kisha boksi lijazwe hadi sentimita 50 na mstari uwekwe kwa penseli. Kesho yake maji yatakuwa yameshuka. Rhamu maji yaliyo wazi hushuka hata kwenye chombo kisicho na kasoro, kwa kuwa jua na upepo huyanywa. Swali ni kiasi gani kimekunywewa na jua na kiasi gani kimetoka chini.

Ndoo hulijibu. Ndoo safi iwekwe ndani ya tangi juu ya jiwe, ijazwe maji mpaka usawa wake ulingane na wa tangi, na mdomo wake ubaki juu ya maji. Sasa maji ya ndoo na ya tangi yana joto moja, upepo mmoja, kivuli kimoja. Baada ya saa 24 pande zote mbili zipimwe kwa rula. Zikishuka sawa, tangi halivuji. Tuseme ndoo imeshuka milimita 9 na tangi limeshuka milimita 12: tofauti ni milimita 3, na hiyo ndiyo mvujo.

Boksi hili lina eneo la juu la karibu mita mraba moja, na hapo hesabu inakuwa rahisi sana, kwani kila milimita moja ni takriban lita moja. Milimita 3 kwa siku ni lita 3. Kwa mwezi ni lita 90, mitungi minne na nusu ya lita 20 iliyopotea bila mtu kusikia tone. Jaribio liendelee siku tatu, kwa sababu tundu jingine hujifunua pale tu mbao zinapokuwa zimetulia chini ya uzito.

Maji ya jaribio yasimwagwe. Yanaweza kuwekwa kwenye pipa na kutumiwa kwa kazi ya ujenzi, kuchanganyia saruji au kufinyangia matofali. Hayafai kunywewa na watu wala mifugo.

Jaribio hilihili, kwa njia, linafaa kwa tangi la saruji la nyumba au la shule. Halihitaji chochote zaidi ya ndoo na rula, na lingeweza kufanywa na wanafunzi wa darasa la sita.

Vigae sasa

Saruji ya kawaida na mchanga haishiki juu ya epoksi. Inahitajika gundi ya vigae iliyoandikwa kwamba inanyumbulika na inaweza kukaa chini ya maji wakati wote, au gundi ya epoksi. Gundi ienezwe kwenye ukuta mzima kwa mwiko wenye meno na nyuma ya kigae pia, isiwe mabonge matano kama baadhi ya mafundi wanavyozoea kwenye kuta za nyumba. Nafasi tupu nyuma ya kigae hujaa maji machafu yasiyozunguka, na hunuka.

Viungo kati ya vigae vijazwe grauti. Lakini pale ukuta unapokutana na ukuta, na ukuta unapokutana na sakafu, grauti isitiwe kabisa. Hapo ndipo boksi hutikisika, na kitu kigumu kitapasuka. Paachwe mwanya mwembamba na ujazwe silikoni. Nayo silikoni si zote. Ile ya bafuni mara nyingi huwa na dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo inaweza kuua samaki. Inayotakiwa ni silikoni tupu iliyoandikwa kuwa inafaa kwa matangi ya samaki. Aina hiyo kwa kawaida hunuka siki wakati inakauka, lakini harufu peke yake si hakikisho, kwa hiyo maandishi kwenye mrija yasomwe. Itiwe mwisho wa kazi zote, maana hakuna rangi wala gundi itakayoshika juu ya silikoni iliyokauka.

Vigae vya sakafu vyenye uso wa mawe mabichi, visivyong'arishwa, havifai. Hunywa uchafu na havisuguliki.

Kabla ya samaki kuingia

Saruji mbichi hutoa chokaa. Maji yaliyokaa kwenye saruji mpya yanaweza kupanda hadi pH 11 na zaidi, ilhali kambare na perege huishi vizuri takriban kati ya 6.5 na 8.5. Katika boksi hili saruji ni chache, ni ile ya gundi na grauti tu, lakini inatosha kuua. Hatari ni kubwa zaidi kwetu kwa sababu ya joto. Samaki hutoa amonia katika kinyesi na kupitia matamvua, na amonia hiyohiyo huwa sumu kali zaidi pH inapopanda na maji yanapopata joto. Tangi jipya juani linaunganisha mambo yote mawili.

Grauti ikishakomaa ifutwe kwa siki iliyozimuliwa na kusuuzwa. Kisha tangi lijazwe, likae siku tatu, litolewe maji, lisuguliwe, lijazwe tena. Mara tatu au nne hutosha kwa kawaida, lakini uamuzi ufanywe kwa vikaratasi vya kupimia pH, si kwa kuhesabu mara. Maji yakikaa siku mbili mfululizo bila kupita 8.5, tangi limekuwa tayari. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaachwe wazi siku moja kabla ya samaki kuingizwa. Maji ya Daua baada ya mvua hubeba tope jingi, yatulizwe kwanza kwenye pipa.

Ni wazi kwamba kujaza na kumwaga mara nne kunameza lita 2,000. Kwa hiyo kazi hii ipangwe wakati mto una maji, isianzwe katikati ya kiangazi. Mwenye haraka anaweza kupunguza matumizi kwa kutia grauti ya epoksi badala ya ya saruji. Ni ghali zaidi kwa kilo, lakini maji nayo yana bei.

Kuna jambo la afya linaloambatana na hatua hii. Mandera ilikumbwa na homa ya dengue mwaka 2011 na chikungunya mwaka 2016, na mbu anayeeneza magonjwa yote mawili huzaliana katika maji safi yaliyohifadhiwa nyumbani: mapipa, mitungi, matairi. Tangi lililojazwa na lisilo na samaki ni kitalu chake. Katika joto letu yai huweza kuwa mbu kamili kwa takriban juma moja. Kubadilisha maji kila siku tatu hukata safari hiyo, ila mayai yake hunata ukutani na yanaweza kuvumilia ukavu kwa miezi, kwa hiyo ni lazima kuta zisuguliwe kwa burashi kila mara na tangi lifunikwe kwa wavu mwembamba. Samaki wakishaingia wao wenyewe huwala viluwiluwi wa mbu. Wavu ubaki hata hivyo. Huzuia ndege, majani, na zaidi ya yote mtoto mdogo, ambaye kina cha sentimita 50 kinatosha kumzamisha.

Mchwa, kupe na kemikali za nyumbani

Mbao yoyote inayogusa ardhi Rhamu ina mgeni wake. Jukwaa la mawe liliinue boksi, likae mbali na ukuta wa nyumba, na upande wa chini ukaguliwe kila juma kuona kama kuna vichuguu vya udongo vinavyopanda. Vikionekana vivunjwe kwa mkono. Kishawishi cha kupulizia dawa ya mchwa kiepukwe kabisa, kwa kuwa dawa nyingi za wadudu za jamii ya pairethroidi huua samaki kwa kiwango kidogo mno.

Vivyo hivyo kwa dawa ya kupe. Katika boma la mfugaji, ndoo iliyotumika kuchanganya dawa ya kuogeshea mbuzi na ngamia hurudi kuteka maji bila mtu kufikiri. Tangi la samaki liwe na ndoo yake, yenye rangi tofauti, isiyotumika kwa kazi nyingine. Mtu aliyetoka kuogesha mifugo anawe kwa sabuni kabla ya kutia mkono ndani ya tangi. Samaki wote kufa usiku mmoja, wakati jana yake walikuwa wakila, mara nyingi kuna jambo la aina hii nyuma yake.

Je, vigae ni lazima?

Kwa anayetaka tangi la kukaa sebuleni, shuleni au hotelini, ambapo watu hutazama na usafi unaonekana, vigae vina sababu. Kwa anayetaka tu kufuga kambare wachache nyuma ya nyumba, jibu la kweli ni hapana. Boksi lilelile la plaiwudi, likatandikwa karatasi nzito ya bwawa, ile inayotumika kutandika mabwawa ya mashamba, hufanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo. Karatasi hiyo haina viungo na haitoi chokaa, na mbao zinapojikunja yenyewe hujikunja pamoja nazo. Udhaifu wake ni mawili: jua huikausha na kuikatika, na kitu chenye ncha huitoboa. Kivuli cha mikeka ya mkoma juu na tabaka la gunia kuukuu chini yake hupunguza yote mawili. Mabaki ya vigae yakibaki, yanaweza kupangwa tu sakafuni juu ya karatasi, upande wenye ncha ukiwa umesagwa, bila gundi.

Kwa vyovyote lita 500 bila pampu ya hewa si biashara. Kambare hustahimili kwa kuwa anaweza kuvuta hewa juu ya maji, perege hawezi hivyo, na samaki wengi kupita kiasi watakufa usiku, wakati hewa majini hupungua. Vifaranga wachukuliwe kwa ushauri wa ofisi ya uvuvi ya kaunti, na samaki waliotoka mbali wasimwagwe Daua hata kama wamezidi, kwani mto huo huungana na mito mingine mbele kuunda Juba na hakuna atakayewarudisha.

Maji yanayotolewa wakati wa kusafisha, mara tangi linapokuwa limekwisha kutoa chokaa yake, yana mbolea. Migomba, vitunguu na mipapai huyapenda. Robo ya tangi ikitolewa kila juma na kujazwa maji mapya, samaki hawashtuki na bustani hupata lita 125. Tangi likihitaji kutengenezwa, samaki wahamishwe kwenye pipa kivulini, lakini boksi lisiachwe tupu juani kwa majuma. Kiasi kidogo cha maji kibaki chini, na wavu juu yake.